UZI: Kwa nini hadithi fupi nyingi ni za mtu aliye peke yake?

#1 Dere_wa_Usiku
Sasa wasee. Naendesha teksi ya apu hapa Nairobi, zamu yangu ni saa moja jioni mpaka alfajiri, na zile dakika nimeegesha nangoja kasitoma ndio nasoma. Wiki iliyopita nilisoma hadithi ya Mrusi Anton Chekhov, inahusu dereva kama mimi ila yeye ni wa farasi na theluji. Anaitwa Iona. Mtoto wake amefariki wiki hiyohiyo na anatafuta mtu wa kumwambia. Anabeba afisa wa jeshi, afisa anauliza alikufa na nini halafu anafunga macho. Anabeba vijana watatu wametoka kulewa, mmoja anamchapa shingoni, akiwaambia mtoto wangu amekufa wanamjibu sote tutakufa, endesha. Anajaribu mlinzi wa mlangoni, anaambiwa songa mbele. Mwisho wake anaingia zizini usiku na kumwambia farasi yote. Basi, imeisha hapo. Niliisoma nimeegesha nyuma ya Archives nikaacha safari mbili zipite.

Mimi nilizika kakangu mwezi wa tatu na tangu hapo nimebeba watu sijui mia ngapi, wengi wana hedifoni masikioni, kwa hivo nadhani niliielewa. Lakini swali langu ni hili. Nimeangalia hadithi fupi zote niko nazo kwa nyumba na karibu zote ni mtu mmoja, mpweke, anatafuta maana ya kitu na haipati vizuri. Riwaya haziko hivo, riwaya ina ukoo mzima mpaka mbuzi wao. Kwa nini? Ni ufupi ama kuna kitu ingine?

#2 KasukuKuu
Ni ufupi, kaka. Una kurasa sita. Ukiingiza shangazi, mjomba, chifu na mke wa pili zimeisha kabla hujaanza. Hata ile zawadi ya Caine ya waandishi wa Afrika inataka hadithi ya kama maneno 3,000 hadi 10,000, sasa hapo utaweka watu wangapi? Mmoja, wawili. Na ukiweka mtu mmoja kwa chumba lazima atakuwa mpweke, hiyo ni hesabu tu.

#3 Mwalimu_wa_Karatasi_ya_Tatu
Kasuku umeharakisha. Kuna Mwairishi, Frank O'Connor, mwenyewe mwandishi wa hadithi fupi, mwanzoni mwa miaka ya 1960 alitoa kitabu kizima kuhusu hili swali na akakipa jina linalotaja sauti ya upweke. Hoja yake si urefu. Anasema riwaya inahitaji jamii, mtu ambaye msomaji anaweza kujiweka mahali pake akiwa ndani ya jamii, lakini hadithi fupi imeshikamana na watu waliosukumwa pembeni, makarani wadogo, makahaba, mapadri, wazururaji. Mfano wake mkubwa ni Gogol, hadithi ya koti ya 1842: karani anajinyima chai ya jioni na mishumaa apate koti jipya, analivaa siku moja, usiku huohuo linaibiwa. Huyo karani hangefaa kuwa shujaa wa riwaya za wakati ule. Hakuna aliyekuwa anamwona.

Kwa hivyo Dere, kwa O'Connor upweke ulikuwepo kwanza, ufupi ukaufuata.

#4 Binti_Githurai
Mwalimu asante lakini hizo zote ni za wazungu. Hadithi zetu si za upweke. Chukua Tumbo Lisiloshiba yenyewe ya Said A. Mohamed, ile tulisomea KCSE, Mzee Mago yuko na mtaa mzima wa Madongoporomoko nyuma yake. Ni umati. Upweke tuliuleta na bedsita.

#5 Otis_Rongai
Lakini Siku Njema? Kongowea Mswahili ni mpweke kutoka mwanzo, anazunguka nchi mzima akitafuta baba.

#6 KasukuKuu
Otis, Siku Njema ni riwaya, ya 1996. Tunaongea hadithi fupi. Rudi shule bro.

#7 Otis_Rongai
Najua ni riwaya, si ndio maana naiuliza. Mwalimu amesema riwaya ni jamii. Hapo kuna riwaya ya kijana peke yake barabarani. Jibu hiyo kwanza kabla ya kunirudisha shule.

#8 Soja_Kileleshwa
Mimi nalinda geti usiku. Nina hadithi ya kuongezea hapa, ya Hemingway, ya 1933, ya mkahawa. Mzee kiziwi amekaa peke yake anakunywa usiku wa manane. Weita kijana anataka kufunga aende kwa bibi yake. Weita mkubwa hana haraka, anaelewa kuna mtu anahitaji mahali pasafi penye taa. Ati ni hilo tu, taa na usafi. Nilipoisoma nilicheka pole pole kwa sababu kuna mzee hapa kwa hii ploti yetu hushuka saa tisa usiku anasimama karibu na kibanda changu, hasemi kitu, anaangalia barabara dakika kumi hivi anarudi juu. Mwanzo nilidhani ananichunguza kama nalala. Sasa huwa nawasha balbu ya pili akishuka.

Dere wewe angalau una kiti cha kuegemea na hita.

#9 Mama_Pacha_Umoja
Hamjambo. Mimi nimelelewa Kwale na bibi yangu mzaa mama, sasa niko Umoja mwaka wa kumi na nne. Naona wote mnaanza na karatasi. Hebu tuanze na mdomo.

Bibi hakuwa anaanza hadithi mpaka tumwitike. Paukwa! Sisi: pakawa! Sahani! Ya mchele! Giza! La mwizi! Kama wawili tu ndio wameitika anarudia, na kama watoto wamelala, basi, hadithi inangoja kesho. Hakuna siku hata moja aliwahi kusema paukwa akiwa peke yake jikoni. Hadithi ilikuwa ni kitu cha watu wawili kwenda juu, haikuwezekana vinginevyo.

Sasa hadithi ya kuandikwa. Mwandishi yuko kwake amejifungia, anasema paukwa yake kwa karatasi. Msomaji yuko kwa matatu, pengine Urusi na hapa kuna miaka zaidi ya mia katikati. Hakuna anayeitika. Mimi naona huo upweke mnaoutafuta ndani ya hadithi umetoka kwa namna yenyewe ya kusimulia, ndio mwandishi akiangalia nani wa kumweka ndani anajikuta anaweka mtu anayeita na haitikiwi. Huyo Iona wenu ni nini kama si mtu anayesema paukwa mji mzima?

#10 Binti_Githurai
Mama Pacha 🙌🏾 hii nimeiskia mpaka kwa mifupa.

#11 KasukuKuu
Ni nzuri lakini haishiki yote. Ngano za mdomo pia zimejaa wapweke. Yatima anayeteswa na mama wa kambo, msichana anayeachwa na wenzake porini kwa zimwi, mke tasa. Na hao walisimuliwa mbele ya watoto ishirini wanaitika. Sasa upweke wao ulitoka wapi?

#12 Mama_Pacha_Umoja
Kasuku mwanangu, yatima wa ngano mwishowe hurudi nyumbani, ama huolewa, ama zimwi hupasuliwa kidole wakatoka watu wote waliomezwa. Iona anarudi kwa nani?

#13 Otis_Rongai
Huyo Chekhov pia labda alikuwa mzee mpweke tu anaandika maisha yake. Waandishi wengi huwa hivo.

#14 Mwalimu_wa_Karatasi_ya_Tatu
Si kweli, Otis. Hadithi hii ilitoka gazetini Januari 1886 na Chekhov alikuwa kijana wa karibu miaka 26, daktari, nyumba yake imejaa wazazi na ndugu anaowalisha kwa hizo hadithi za magazeti. Hakufikisha uzee kabisa, alikufa kwa kifua kikuu 1904 akiwa na miaka 44. Nadharia ya mwandishi mpweke tuiweke kando.

#15 Binti_Githurai
Nabadilisha kidogo ile nilisema juu. Nimekumbuka Ngũgĩ wa Thiong'o, ile hadithi ya dakika za fahari kwa mkusanyiko wake wa 1975. Wanjiru anachukia jina lake anajiita Beatrice, anafanya kazi ya baa, anahama baa moja hadi nyingine na hakuna anayemwangalia. Kuna usiku mwenye lori anamweleza habari za maisha yake, na yeye kwa mara ya kwanza anaamua kusimulia yake yote. Anasimulia, anasimulia, halafu anagundua jamaa alishalala anakoroma. Hapo ndio anachukua pesa zake. Watu huongea wizi na polisi na hizo nguo alienda kununua Nairobi, mimi nilikwama kwa kile kikoromo. Ni Iona huyo, sema tu hana farasi.

#16 Otis_Rongai
Na Wakenya wameshinda hiyo Caine mara tatu na zote ni za upweke, kwa hivo Binti kumbe ulikuwa umekosea na bedsita zako.

#17 KasukuKuu
Mara tano, Otis. Binyavanga Wainaina 2002, Yvonne Owuor 2003, Okwiri Oduor 2014, Makena Onjerika 2018, Idza Luhumyo 2022. Na si zote za upweke, ya Onjerika ni watoto wa mtaani na wanaongea kwa "sisi" kutoka mstari wa kwanza. Ingawa huyo Meri anayesimuliwa yuko nje ya hiyo sisi… sawa, hapo nimejipinga mwenyewe kidogo. Ya Owuor ni mkimbizi wa Rwanda, mtu wa ukoo mkubwa kwao, hapa Nairobi anakuwa si mtu. Ya Oduor ni binti anajaribu kuchora marehemu babake na kichwa hakiji.

#18 Jamaa_wa_Pipeline
Mnazunguka sana. Ni mji. Hizi hadithi zilikuja na magazeti, magazeti yalikuja na miji, mji ukaja na upweke, finito. Mimi naishi Pipeline, floo ya sita, ukuta wa jirani naweza kuugusa kwa mkono kutoka dirishani na simjui jina. Najua anapika omena Jumanne. Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya hii maneno 2023, ripoti yake ya 2025 inasema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka vinahusishwa nao. Uingereza waliteua hata waziri wa upweke 2018, Japani 2021. Hii si fasihi, ni afya.

#19 Otis_Rongai
Waziri wa upweke 😂 akuje aanzie Pipeline.

#20 Jamaa_wa_Pipeline
Akuje kweli. Sisemi kwa mchezo.

#21 Nesi_wa_Zamu
Nimetoka kazini nikasoma uzi wote kutoka juu. Sijui hadithi nyingi kama nyinyi.

Posti ya kwanza, aya ya pili, mstari wa kwanza kabisa, Dere amesema alizika kakake mwezi wa tatu. Baada yake kuna posti kumi na tisa, tumeongea Chekhov alikuwa na miaka mingapi na nani alishinda nini mwaka gani. Hakuna mtu amesema pole. Tumekuwa wale vijana watatu wa kwa kigari.

Pole sana Dere. Kaka alikuwa anaitwaje?

#22 KasukuKuu
Nesi, asante. Ule mstari niliusoma nikaupita kwa sababu nilitaka kujibu swali. Pole sana kaka, na unisamehe.

#23 Soja_Kileleshwa
Pole ndugu yangu. Na mimi nikakuambia habari ya hita.

#24 Mama_Pacha_Umoja
Makiwa, mwanangu. Hili ndilo neno letu la kwetu kwa mfiwa, na nilitakiwa kulisema kabla ya paukwa. Limetoka palepale kwenye ukiwa.

#25 Binti_Githurai
Pole Dere. Tuambie.

#26 Dere_wa_Usiku
Nilikuwa nimebeba mtu wa kwenda Ruai, ndio narudi kwa simu. Asanteni. Sikuandika ndio niambiwe pole, kusema ukweli sijui niliandika nini hiyo laini, ilijiandika.

Tulikuwa tunamwita Fundi, hata mama alimwita Fundi, jina la kanisa lilikuwa la fomu tu. Alikuwa anatengeneza redio Kariobangi, kibanda kama futi sita kwa sita, amezungukwa na redio za watu waliokufa zamani, wenye walileta hawakurudi. Alikuwa mkubwa wangu miaka minne. Aliumwa siku nne pia. Jumapili tulikuwa tumekula pamoja githeri, akasema mgongo unauma, Alhamisi usiku nilikuwa na kasitoma kwa gari nikapigiwa. Nilimfikisha kasitoma kwanza. Dakika ishirini na tano niliendesha nikiwa najua na yeye hajui, alikuwa ananiambia nipitie Thika Road si Outering. Nikampitisha Thika Road.

Sasa kuna kitu kwa hiyo hadithi sikuwa nimewaambia. Kuna mahali Chekhov anaorodhesha kile Iona anataka kusema. Jinsi kijana aliugua, aliteseka vipi, alisema nini kabla ya kufa, alikufa vipi, mazishi, na kwenda hospitalini kuchukua nguo za marehemu. Hiyo ya nguo ndio ilinishika. Mimi ndio nilienda kuchukua nguo za Fundi. Zilikuwa kwa karatasi ya plastiki imefungwa fundo, na mfukoni mwa jaketi kulikuwa na bisibisi yake ndogo. Hakuna mtu nimewahi kumwambia ya bisibisi. Watu wanaskia "alifariki" wanasema pole, na wanamaanisha, lakini hapo stori imekwisha kwao na kwangu haijaanza.

Kwa hivo jibu langu mwenyewe kwa swali langu, mnaweza kulikataa: sidhani huyo mtu mpweke anatafuta maana. Anatafuta mtu wa kumsikiza yote kwa mpangilio, kutoka Jumapili hadi Alhamisi bila kurukishwa. Na hiyo inatoshea kwa kurasa sita.

#27 Nesi_wa_Zamu
Bisibisi 💔. Mimi ndio huwa nafunga hizo karatasi, Dere. Si hiyo yako, ya wengine. Huwa tunaandika orodha: shati moja, suruali moja, viatu. Kuanzia leo nitakuwa naangalia mifuko pia, niandike kilichomo.

#28 Mwalimu_wa_Karatasi_ya_Tatu
Pole sana Dere, na mimi nilianza na O'Connor kabla yako. Umeandika kitu ambacho sijawahi kuweza kukisema darasani.

Nina miaka ishirini nafunza fasihi na kila hadithi naimaliza kwa "mwandishi anatuonya", "mwandishi anatuhimiza", kwa sababu ndio mtihani unataka, maudhui na hoja zake. Kuna mwaka mmoja tulisoma Mame Bakari, ya yule msichana Sara aliyebakwa na anabeba mimba na siri peke yake akihesabu watakaomfukuza. Nikauliza darasa, funzo ni nini? Mikono ikainuka. Msichana mmoja nyuma hakuinua, alikuwa anaangalia kitabu tu. Nilimpita nikaenda kwa wenye mikono juu. Sijui alikuwa na nini. Hiyo ni miaka mitano na bado namwona pale.

#29 KasukuKuu
Lakini Dere, nikubalie nipinge kidogo bila kukukosea. Kama ni kusikizwa kwa mpangilio tu, mbona mwisho wa ile hadithi unauma? Iona amepata wa kumwambia, amemaliza. Ingefaa tufurahi. Inauma kwa sababu farasi haelewi. Kwa hivo maana ilikuwa inatafutwa pia, na haikupatikana.

#30 Soja_Kileleshwa
Mimi nakataa hiyo, Kasuku. Nimeitafuta hiyo hadithi na nimeisoma saa hii hapa getini. Mstari karibu na mwisho unasema farasi anatafuna, anasikiza, na anapumulia mikono ya bwana wake. Hiyo pumzi ya moto usiku wa theluji si kitu kidogo. Yule mzee wangu wa saa tisa hajawahi kuniuliza kitu na mimi sijawahi kumwelewa, lakini taa nawasha.

#31 KasukuKuu
Farasi anasikiza kwa sababu amefungwa hapo. Wewe umeajiriwa hapo.

#32 Soja_Kileleshwa
Taa ya pili sijaajiriwa kuiwasha.

#33 Mama_Pacha_Umoja
Kasuku hapo umepigwa, tulia.

Mimi nina neno la mwisho kuhusu maneno, mnivumilie. Upweke na ukiwa si kitu kimoja. Mpweke anaweza kuwa alizaliwa hivyo ama alichagua, mvuvi baharini ni mpweke na ana raha zake. Ukiwa ni pale palipokuwa na mtu na sasa hapana. Ndio kwenye Biblia Maombolezo inapoanza, mji unaokaa ukiwa ni ule uliokuwa umejaa watu. Hemingway wa Soja labda ni upweke. Iona ni ukiwa. Dere ni ukiwa. Huyo wa floo ya sita Pipeline sijui tumweke wapi, kwa sababu jirani yupo.

#34 Jamaa_wa_Pipeline
Nimeweka hiyo swali kichwani Mama. Kesho ni Jumanne. Nitabisha hodi niulize hiyo omena inapikwa aje.

#35 Otis_Rongai
Beba unga.

#36 Binti_Githurai
Nauliza nje kidogo, hizi za Chekhov nazipata wapi kwa karatasi? Simu inanichosha macho.

#37 Mwalimu_wa_Karatasi_ya_Tatu
Inama uchague, Binti. Wale wanaopanga vitabu chini kwenye lami katikati ya mji, ukienda jioni kabla hawajafunga wanashusha bei. Ama maktaba ya McMillan pale Banda Street, uombe wakuonyeshe rafu.

#38 Luthuli_Spea
Nimekuwa nikisoma kimya tangu jana. Dere, zile redio za kibanda cha Fundi zilienda wapi?

#39 Dere_wa_Usiku
Nyingi mwenye kibanda aliziuza kwa kilo. Nilibeba moja, ya mbao, ile alikuwa anatengeneza hiyo wiki. Iko juu ya kabati. Sijawahi kuiwasha, sijui kama alimaliza. Na inataka yale mawe makubwa manne, madukani huku kwetu wako na madogo tu.

#40 Luthuli_Spea
Makubwa tunayo hapa dukani kwetu Luthuli. Ikiletwa na haijaisha mimi nitaangalia. Kuja na ile bisibisi.

#41 Dere_wa_Usiku
Alhamisi nitakuwa mjini kutoka saa nane. Ngoja kidogo, kuna mtu ameita kutoka Ngara.